MTOTO WAKO YUKO DARASA LA NGAPI KWELI?

(Mhadhara kwa vijana na wazazi, Bukura, Kaunti ya Kakamega)

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai na wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu, mama zetu na dada zetu. Nimepewa mada ya masomo ya watoto wetu baada ya zile shule kufungwa wakati wa korona. Kijana mmoja aliposikia mada hii aliniuliza: "Mwalimu, si korona iliisha zamani? Kwani bado tuko huko?" Nikamwambia swali lako ni zuri, na ndilo nitakalolijibu leo. Ugonjwa ulipita, ndiyo. Lakini kuna watoto ambao hadi leo wanabeba mzigo wa mwaka ule, na wazazi wao hawajui, kwa sababu hakuna aliyewapima.

GOROGORO YA SOKONI

Hebu tuanze sokoni. Kila mtu hapa anaijua gorogoro. Ukienda soko la Bukura kununua mahindi au maharagwe, unapimiwa kwa gorogoro. Na kila mama hapa anaijua ile ya ujanja, ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Juu imejaa hadi inamwagika, kumbe chini ni hewa. Ndiyo maana mama mwerevu haangalii juu tu. Anaipindua kwanza, anaangalia kitako.

Uislamu umelichukulia jambo hili kwa uzito sana. Iko sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyobeba jina la watu wanaopunja vipimo. Na katika mwezi huu huu, kabla ya sala ya Idd, kila mmoja wetu atapima zaka ya fitri: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani, hata mtoto mchanga. Hatusemi "mpe maskini kiasi". Tunapima.

Sasa nawauliza, jamani. Tukiwa makini hivi na mahindi, mbona ikifika kwa elimu ya mtoto tunaangalia juu tu? Mtoto ana sare, anatoka asubuhi, anarudi jioni, mwaka ukiisha anapanda gredi. Tunasema alhamdulillahi, anasoma. Nani amepindua gorogoro akaangalia kitako?

TULIPOTEZA KIASI GANI?

Tukumbushane kidogo, kwa sababu vijana wengine mlikuwa wadogo. Tarehe 15 Machi 2020, siku ya Jumapili, Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba shule zote zifungwe. Watoto wakaambiwa ni kwa muda. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwezi wa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa, tukaswali tarawehe majumbani na watoto wetu. Wengi tulidhani baada ya Idd mambo yatakuwa sawa.

Hayakuwa. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba 2020, yaani baada ya wiki 30. Wengine wote walirudi tarehe 4 Januari 2021. Hesabu mwenyewe: ni wiki 42. Hata ukitoa wiki za likizo ambazo wangekaa nyumbani vyovyote vile, bado ni zaidi ya nusu ya mwaka. Jirani zetu wa Uganda walikaa zaidi. Kule shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Tanzania wao walirudisha wanafunzi wote mwisho wa Juni 2020.

Masomo yalikuwepo redioni kwa KBC, na kwenye runinga kwa ile idhaa ya Edu ya KICD. Wenye simu kubwa na pesa za bando walisoma kwa simu. Lakini tuseme ukweli wa huku kwetu. Nyumba ngapi zilikuwa na runinga? Na ile simu moja ya baba, baba akienda shambani si anaenda nayo? Watoto wengi walichunga ng'ombe, walibeba miwa, walikaa. Wengine hawakurudi kabisa: msichana amepata mimba, mvulana ameonja pesa ya boda boda.

TULIFUNGUA, TUKAKIMBIA

Shule zilipofunguliwa ilionekana kalenda imechelewa, na ikabidi iharakishwe. Mwaka 2021 na 2022 mihula minne iliingizwa katika mwaka mmoja, na kila muhula ukafupishwa. Mwaka 2023 ndipo tukarudi kwenye kalenda ya kawaida. Kwa upande wa tarehe, taifa lilifidia. Na sina lawama hapo, watu walikuwa katika dharura.

Lakini ndugu zangu, kufidia tarehe ni kitu kimoja na kufidia elimu ni kitu kingine. Mtoto aliyekuwa anajifunza kuunganisha herufi Machi 2020 alikaa nyumbani, akasahau. Akarudi akakuta darasa linakimbia. Mwalimu ana mtaala wa kumaliza na watoto wengi mbele yake. Yule mtoto akapanda gredi. Akapanda tena. Siku hizi hakuna kurudia darasa, kwa hiyo atapanda tu, awe anajua au hajui. Waliokuwa gredi ya 4 mwaka 2020 walifanya tathmini ya gredi ya 6 mwaka 2022, na ile ya gredi ya 9 mwaka 2025. Maji yanaenda hayamngoji mtu.

WALIOPIMA WALIKUTA NINI?

Wako watu waliopima. Baraza la Mitihani, KNEC, liliandaa tathmini kwa wanafunzi waliporudi. Na liko shirika la Usawa Agenda, waliorithi kazi iliyoanzishwa na Uwezo mwaka 2009. Hawa njia yao ni rahisi sana, na ndiyo maana naipenda. Wanakwenda hadi nyumbani, wanakaa na mtoto mmoja mmoja, wanampa karatasi asome kwa sauti. Anaanza na herufi au silabi, halafu maneno, halafu aya fupi, mwisho hadithi. Anapokwama, hapo ndipo alipo. Hawaulizi yuko gredi gani ndiyo wamwandikie anajua.

Mwaka 2021 walipopima watoto baada ya shule kufunguliwa, walikuta takriban wanafunzi 2 kati ya 5 wa gredi ya 4 ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha gredi ya 3. Wawili kati ya watano! Mwaka 2023 wakapima tena, na hali ilikuwa karibu ile ile. Na tusiibebeshe korona kila kitu. Hata kabla ya 2020, ripoti za Uwezo zilikuwa zikisema ni kama watoto 3 kati ya 10 wa darasa la 3 waliomudu kazi ya darasa la 2. Kwa hiyo tukisema tu "tumerudi tulipokuwa", hatujafika mbali. Tulipokuwa penyewe hapakuwa pazuri.

Mtu atasema, watoto watashika tu mbele ya safari. Nami nawaletea kisa cha ndugu zetu wa Pakistan. Tarehe 8 Oktoba 2005, watu wakiwa ndani ya Ramadhani, tetemeko kubwa liliipiga Kashmir na kaskazini mwa nchi ile. Maelfu kwa maelfu walikufa, na shule nyingi zilibomoka zikiwa na watoto ndani. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Waliobaki walikosa shule kwa wastani wa wiki 14 hivi. Miaka minne baadaye watafiti walirudi wakawapima. Watoto waliokuwa karibu na tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 zimezaa pengo la mwaka na nusu! Kwa nini? Kwa sababu waliporudi, darasa liliendelea mbele bila kuwangoja, na kila siku pengo likaongezeka.

Lakini kisa hicho kina sehemu ya pili, na mama zetu naomba mnisikilize hapa. Watafiti wale waliona kwamba watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi hawakuwa na pengo lile. Nyumba zilibomoka vile vile, shule zilifungwa vile vile. Lakini nyumbani palikuwa na mtu wa kuuliza, "Leo umesoma nini? Hebu nionyeshe." Mtu mmoja tu.

MADRASA INAJUA KUPIMA

Sasa sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza kupima. Madrasa inapima kila siku. Maalim hamwambii mtoto, "Wewe una miaka kumi, kwa hiyo uko juzuu ya tano." Anamwambia, "Njoo, soma." Mtoto anakaa mbele yake, anasoma peke yake, maalim anasikiliza. Akikosea anarudishwa pale pale alipokosea. Ndiyo maana utamkuta kijana mrefu ameketi na wadogo kwenye alifu na bee, na hakuna anayecheka. Kila mtu anasoma pale alipofika. Siku hizi wataalamu wa elimu wanawagawa watoto kwa kiwango badala ya umri, na wanaona inasaidia. Maalim wetu wanaijua njia hiyo tangu zamani.

Na Ramadhani yenyewe ni mwezi wa kudurusu. Kila Ramadhani Jibril (A.S.) alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) wakidurusu Qur'ani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake wakadurusu mara mbili. Basi ikiwa Mtume wa Allah alidurusu, mtoto wa gredi ya 5 ni nani asisikilizwe?

Tena kuna Badr. Vita vya Badr vilikuwa ndani ya Ramadhani, mwaka wa pili wa Hijra. Tunawasimulia watoto panga na malaika, lakini tunapita haraka habari ya mateka. Mateka waliokuwa na mali walijikomboa kwa mali. Wasiokuwa na mali lakini wanajua kusoma na kuandika, kila mmoja alipewa watoto kumi wa Madina awafundishe, na hiyo ndiyo ikawa fidia yake. Hebu tazameni masharti yake. Hakuambiwa fundisha miezi miwili uende zako. Fidia ilitimia pale watoto walipokuwa wameijua kazi. Kipimo kilikuwa ni kile mtoto anachokijua, siku zilizopita hazikuhesabiwa. Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita!

YALIYONIKUTA MWENYEWE

Nisiseme ya watu nikaacha yangu. Mimi ni mwalimu, na kijana wangu wa pili mwaka 2020 alikuwa PP2. Mwaka 2024 alikuwa gredi ya 4. Ripoti zake nilikuwa naziangalia, natia sahihi. Alikuwa amehifadhi sura nyingi za juzuu Amma, sauti yake nzuri, wazee wanamsifu. Moyo wangu ulikuwa umetulia.

Siku moja ndani ya Ramadhani ile ya 2024, tunangoja adhana ya magharibi, nilimpa kitabu cha hadithi cha gredi ya 2. Akasoma ukurasa wa kwanza haraka haraka, nikafurahi. Wa pili nikauweka mkono juu ya picha, bila kusudi hasa. Akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasoma neno la kwanza, la pili akalibuni, la tatu akaanza kulia. Kumbe mwanangu alikuwa anasoma picha.

Nikamwuliza, darasani huwa unafanyaje? Akaniambia, "Tunasoma wote pamoja, baba. Nikifungua mdomo na wenzangu hakuna anayejua."

Ndugu zangu, siku hiyo futari haikupita kooni. Mimi nasikiliza watoto wa watu kutwa nzima, na wangu sikumsikiliza miaka mitatu. Hakuwa mjinga. Alikosa kipande kimoja cha ngazi, pale kwenye silabi, kipande ambacho wenzake walikipata na yeye yuko nyumbani. Tukarudi pale pale. Robo saa kila siku baada ya alasiri, silabi, halafu maneno. Kufikia Idd ndogo alikuwa anasoma sentensi. Kufikia Idd ya kuchinja alinisomea hadithi nzima, na mkono wangu ulikuwa juu ya picha.

TUPIME VIPI NYUMBANI?

Basi nawaachia njia, haihitaji pesa.

Kwanza, chukua kitabu cha Kiswahili cha gredi mbili chini ya mtoto. Yuko gredi ya 5, chukua cha gredi ya 3. Kaa naye ubavuni, ninyi wawili tu. Usimpime mbele ya ndugu zake wala wageni. Mtoto akichekwa mara moja, kesho atakuficha.

Pili, asome kwa sauti hadithi ambayo hajawahi kuisoma, na ufunike picha. Usimsaidie, usimkemee. Sikiliza tu anakwama wapi: ni kwenye hadithi, kwenye aya, kwenye neno moja moja, au kwenye silabi?

Tatu, akimaliza mwulize maswali mawili. Nani alifanya nini? Na kwa nini? Wako watoto wanaosoma kama redio lakini hawaelewi walichosoma.

Nne, mpe hesabu moja: 52 toa 17. Akikuletea 35, mwache aendelee. Akikuletea 45, ujue hajui kukopa, ametoa ndogo kwa kubwa popote alipoikuta. Hilo ni somo la siku chache tu, lakini lisipofundishwa litamfuata hadi sekondari.

Tano, andika kwenye daftari tarehe na pale alipokwama. Baada ya mwezi mpime tena kwa hadithi nyingine. Kupima mara moja kunakuonyesha alipo tu. Ukipima mara ya pili ndipo utajua kama anapona au amesimama pale pale.

Kuna mama ataniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma." Mama yangu, wewe pia unaweza. Mwambie akusomee hadithi ya Kiswahili, wewe ukiwa unapepeta mchele. Anayejua kusoma, utaielewa hadithi na utataka kujua mwisho wake. Asiyejua, utasikia anakatika katika kama redio ya betri zilizoisha. Masikio yako yanatosha kupima. Na ukishajua, njoo useme. Hakuna aibu.

Ukikuta mtoto yuko nyuma, nakuomba kwa jina la Allah, usimpige. Usimwite mjinga. Nenda kwa mwalimu wake kwa adabu, mwambie, "Nimemsikiliza, amekwama hapa. Tusaidiane." Mwalimu mwenye darasa kubwa atakushukuru, kwa sababu umemwonyesha kitu ambacho kwenye kelele ya darasa hakisikiki.

VIJANA, KAZI NI YENU

Namalizia na nyinyi vijana wa chama. Wengi wenu mmemaliza kidato cha 4, wengine mko vyuoni, wengine hapa hapa Chuo cha Kilimo Bukura. Saa za baina ya alasiri na magharibi mwezi huu, wengi wetu tunazimaliza kwenye simu tukingoja adhana. Naomba kila mmoja achukue watoto wa mtaa wake, wawe watano, wawe watatu, hata mmoja. Awasikilize kwenye veranda ya msikiti, aandike kila mtoto amekwama wapi, awafundishe kuanzia hapo. Jioni ya kuamkia Idd awasikilize tena. Wala msichague watoto wa Waislamu tu. Jirani ni jirani, na korona haikuchagua dini.

Na Idd ikipita msiache. Kumbukeni yale masharti ya Badr: kazi inaisha mtoto anapojua. Nami nawaahidi, daftari langu liko wazi. Atakayeniletea majina ya watoto aliowasikiliza, nitakaa naye tupange pamoja.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tutaulizwa juu ya pishi ya zaka, tutaulizwa juu ya gorogoro ya sokoni. Na tutaulizwa juu ya mtoto aliyekaa miaka darasani akisoma picha, na sisi tuko chumba cha pili.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujauliza futari iko tayari, mwite mmoja. Mwambie, "Njoo mwanangu, nisomee."

Ewe Mola wetu, tuzidishie sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa, uwafungulie vifua waliochelewa, uwarudishe walioacha njiani, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.